Mume wangu anavibandua vibandiko vya nikotini kabla ya wakati

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, mdogo ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Mume wangu anavuta sigara tangu kabla sijamjua. Humaliza pakiti nzima kwa siku, na ya kwanza huiwasha kabla hata hajanawa uso. Mwaka huu kikohozi kilimsumbua sana, daktari akamweleza wazi kwamba asipoacha mapafu yatazidi kuharibika. Alirudi nyumbani akasema mwenyewe, "Naacha." Sikumlazimisha.

Nilikwenda duka la dawa kumnunulia vibandiko vya nikotini. Nikaonyeshwa vya aina tatu: 21, 14 na 7. Nikachukua vya 7, kwa sababu niliona si busara kumjaza sumu mtu anayetaka kuitoa mwilini.

Siku za mwanzo alivaa vizuri. Lakini hakuisha kulalamika. Mara mkono unamwasha, mara kibandiko hakimsaidii chochote, mara ameota anakimbizwa akaamka jasho linamtiririka. Amekuwa mkali hata kwa watoto, kikombe kikianguka tu anafoka. Halafu rafiki yake akamwambia kuwa mtu akivuta sigara huku amevaa kibandiko, moyo unasimama. Kumbe siku hiyo alikuwa ameshavuta moja kazini. Alifika nyumbani ametaharuki, akakibandua palepale mlangoni.

Tangu siku hiyo leo anavaa, kesho havai. Juzi nimekuta kimoja kimenata kwenye shuka, upande anaolala mtoto. Nikimuuliza ananiambia nisimfanye mtuhumiwa. Shemeji yangu naye anasema hiyo ni biashara ya watu, eti unatolewa kwenye ulevi mmoja unatiwa kwenye mwingine, na kwamba mwanamume huacha kwa kuamua tu.

Shangazi, kila jioni nahesabu vibandiko vilivyobaki kwenye boksi, na kila nikihesabu tunagombana. Vitu hivi vinasaidia kweli? Kwa nini mtu aliyetaka mwenyewe kuacha ashindwe kuvaa kitu kidogo kama hicho? Niendelee kununua au niache?

Mama Wawili

Marahaba, mwanangu. Hongera kwa kusimama na mwenzio, na pole kwa hizo jioni za ugomvi.

Nianze na kile kibandiko cha kwenye shuka, maana hilo haliwezi kungoja. Kibandiko kilichotumika siku nzima bado kina nikotini ya kutosha kumdhuru mtoto mdogo. Akikitafuna, au kikimnata tu mgongoni, anaweza kutapika, kulegea, hata kupata degedege. Kuanzia leo, kikivuliwa kikunjwe katikati, upande wa gundi ushikane na mwenzake, kisha kitupwe mahali ambapo mtoto hafiki. Vipya navyo viwekwe juu kabisa, ndani ya kitu kinachofungwa. Ikitokea umemkuta nacho mwilini, kitoe, osha ngozi kwa maji matupu bila sabuni, umkimbize hospitali hata kama anaonekana mzima. Ukikuta amekitafuna, nenda palepale. Na baba mtu, kama analala na mtoto, avae mahali panapofunikwa na nguo, au akivue kabla ya kulala.

Sasa tuje kwake. Umeuliza kwa nini mtu aliyetaka mwenyewe anashindwa. Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na naona jibu umeliandika mwenyewe bila kujua, pale ulipotaja namba 7.

Zile namba ni miligramu za nikotini ambazo kibandiko kinapitisha kwenye ngozi kwa siku. Sigara moja humwachia mvutaji takriban miligramu moja ya nikotini mwilini, wakati mwingine zaidi, inategemea anavyovuta. Mume wako anamaliza pakiti, kwa hiyo mwili wake umezoea miligramu 20 au zaidi kila siku. Wewe kwa mapenzi yako umempa 7. Amebaki na pengo la theluthi mbili, na pengo hilo ndilo arosto unayoiona: kufoka kikombe kikianguka, kukosa utulivu, kulala vibaya. Aliposema kibandiko hakimsaidii chochote, hakuwa anatafuta kisingizio. Alikuwa anakueleza kweli tupu.

Kanuni ya kawaida ni hii. Anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku huanza na 21, akakaa nayo wiki 6, kisha 14 kwa wiki 2, kisha 7 kwa wiki 2. Anayevuta 10 au pungufu huanzia 14. Ile 7 ni ya kumalizia safari. (Zipo pia aina zinazovaliwa saa 16 kwa siku, zina namba zake, mfamasia atawaelekeza.) Usijilaumu kwa hili. Hofu yako ndiyo hofu ya watu wengi, na wengi huanza na kiwango kidogo, au huvaa siku moja na kuruka moja, wakidhani wanajilinda. Kumbe wanajitesa, halafu wanaiona dawa haifai.

Nimeita nikotini dawa, na najua shemeji yako hapo atanikatiza. Nikotini inaleta uraibu, hilo silikatai. Lakini saratani na uharibifu wa mapafu unaotokana na sigara huletwa hasa na moshi. Moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000, zikiwemo 70 hivi zinazojulikana kusababisha saratani, na una hewa ya kaboni monoksidi inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Kibandiko hakina moshi, hakina lami, hakina hewa hiyo. Na kwa kuwa nikotini yake inaingia polepole mno, ni watu wachache sana wanaonaswa nacho. Shirika la Afya Duniani liliiweka tiba hii kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2009. Mwambie shemeji hivyo, kwa heshima. Wapo wanaoacha kwa kuamua tu, Mungu awabariki, lakini wengi wanaoamua hivyo hurudi kwenye sigara ndani ya siku chache za mwanzo, kwa sababu arosto hukaba zaidi siku ya pili, ya tatu na wiki ile ya kwanza.

Huko kuingia polepole kwa nikotini ya kibandiko, hata hivyo, ndiko kunakozaa lawama nyingine kubwa, na ungekuwa na kiwango sahihi bado ungeisikia. Sigara ni sindano, kibandiko ni dripu. Mtu akivuta pafu, nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20. Akibandika kibandiko asubuhi, nikotini inachukua saa kadhaa kupanda kwenye damu, na haileti ule mshtuko mtamu aliouzoea. Sasa mtu kavaa, ameketi, anangoja asikie kitu. Hasikii. Anapita mwenzake na sigara, uchu unampanda kooni, anasema, "Hiki kinafanya kazi gani?" Kazi yake ni kushusha ile arosto ya chinichini ya kutwa nzima. Uchu wa ghafla, ule unaokuja baada ya kula, ukiwa na hasira au ukimwona mwenzio anawasha, kibandiko peke yake hakiuzimi.

Ndiyo maana nataka umsikie mfamasia au daktari kuhusu kutumia viwili kwa pamoja: kibandiko cha kutwa, na chingamu au kidonge cha kunyonya chenye nikotini kwa ule uchu wa ghafla. Cochrane, taasisi inayokusanya na kupima tafiti za tiba, imethibitisha kwamba wanaotumia kibandiko pamoja na kimojawapo cha hivyo hufanikiwa kuacha zaidi ya wanaotumia aina moja. Mtu anayewasha sigara ndani ya nusu saa tangu aamke, na mume wako yumo humo, kwa kawaida hupewa chingamu ya miligramu 4, si ya 2. Namna ya kuitafuna ina ufundi wake. Aitafune polepole mpaka asikie inawasha kidogo ulimini, kisha aibane kati ya shavu na ufizi atulie. Mwasho ukiisha, atafune tena. Akiitafuna harakaharaka kama chingamu ya watoto, nikotini inaishia tumboni, anapata kwikwi na kiungulia, na hiyo nayo ataitupa. Robo saa kabla yake asinywe kahawa wala soda, maana huzuia nikotini kupenya mdomoni.

Kuhusu mkono kuwasha: saa ya kwanza baada ya kubandika, mwasho mdogo ni jambo la kawaida, na mara nyingi huisha wenyewe. Wengi huvibandua ndani ya saa hiyohiyo. Kinachoumiza ngozi zaidi ni kurudia mahali pamoja. Leo bega la kulia, kesho la kushoto, keshokutwa kifuani au mgongoni juu, na pale alipotoa asiparudie mpaka wiki ipite. Pawe pakavu, pasafi, pasipo na nywele nyingi wala mafuta ya kujipaka. Abandike, akandamize kwa kiganja sekunde 10 hivi, kingo zote zishike, kisha anawe mikono. Alama nyekundu itakayobaki akishatoa hufifia ndani ya siku moja au mbili, na kama inamkera mfamasia anaweza kumpa krimu. Malengelenge, uvimbe, au upele unaosambaa mwilini, hapo aache amwone daktari.

Ndoto nazo ni za kweli, hajazitunga. Nikotini inayoingia usiku kucha huleta ndoto nzito kwa baadhi ya watu. Tiba yake ni rahisi: akivue akienda kulala, abandike kipya mara tu anapoamka. Ubaya wake ni kwamba asubuhi atakuwa mkavu, na asubuhi ndiyo saa yake mbaya. Basi ile chingamu iwe kando ya kitanda, aitumie huku kibandiko kinapanda.

Kuna jambo jingine la usingizi ambalo watu hawaambiwi, na mimi huona linaangusha wengi. Moshi wa sigara huchochea ini livunje kafeini haraka. Mtu akiacha sigara, ini linarudi kwenye mwendo wake wa kawaida, na vikombe vilevile vya kahawa alivyovizoea sasa vinakaa mwilini muda mrefu zaidi, kana kwamba ameongeza maradufu. Mikono inatetemeka, moyo unadunda, usiku macho makavu, na lawama zote anatupiwa kibandiko. Kama mume wako ni mnywaji wa kahawa, apunguze nusu, na jioni asiguse. Kwa sababu hiyohiyo, kama anatumia dawa za maradhi ya akili kama klozapini na olanzapini, au teofilini ya pumu, daktari wake lazima ajue kwamba anaacha kuvuta, kwani huenda dozi za dawa hizo zikahitaji kupunguzwa. Anayetumia insulini naye afuatilie sukari yake kwa karibu.

Sasa lile la moyo kusimama. Uvumi huu una umri mkubwa. Ulienea mwanzoni mwa miaka ya 1990, vibandiko vilipokuwa vipya, na kwa muda mrefu hata maboksi yenyewe yaliandikwa onyo kwamba usivute ukiwa umevaa. Tafiti zilizofuata hazikuona hatari hiyo iliyohofiwa. Mwaka 2013, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliruhusu onyo hilo liondolewe, na ikaeleza kwamba mtu akiteleza akavuta huku anatumia kibandiko, aendelee nacho na aendelee na juhudi za kuacha. Ikaongeza kwamba hata kukitumia zaidi ya wiki zilizoandikwa kunaruhusiwa, mradi azungumze na mtaalamu wa afya.

Nakuomba umsomee mume wako sehemu hiyo, maana nadhani ndipo alipovunjikia. Alivuta moja, akatishwa, akabandua. Siku alipobandua ndipo arosto ilipomrudia kwa nguvu zote bila kinga yoyote, na bila shaka ile moja ikazaa nyingine. Alitakiwa kufanya kinyume chake: avute ile moja, aizime, abaki na kibandiko chake mkononi, kesho abandike kipya kama kawaida. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nikotini ikizidi mwilini hujitangaza kwa kichefuchefu, kizunguzungu, kichwa kuuma, moyo kwenda mbio. Akiyaona hayo akivue na aombe ushauri, pengine kiwango kishushwe. Na aliyepata shambulio la moyo karibuni, au mwenye maumivu ya kifua yasiyotulia, asianze bila daktari wake. Mjamzito naye vivyo hivyo.

Kuna kundi la mwisho la wanaovibandua, na nakutajia mapema ili ukae macho. Ni wale waliofanikiwa. Wiki ya tatu au ya nne mtu anaamka hana hamu, kikohozi kimepungua, pumzi imerudi, anajiambia amepona, ya nini tena kuvaa, tena vinagharimu. Anaacha ghafla kutoka 21. Siku chache baadaye anakuwa mkali bila kujua sababu, anakutana na jambo la kumuudhi, na sigara ipo karibu. Ile nafuu aliyoihisi ilikuwa kazi ya kibandiko, na wiki zilizobaki ndizo zinazomfundisha kupita kwenye hasira zake na mapumziko yake ya kazini bila moshi. Gharama naijua, si ndogo kwa nyumba nyingi. Ulizeni kituo cha afya kama zipo huduma za kuacha tumbaku zinazotoa dawa hizi bure au kwa nafuu, msijinyime halafu mkakatiza njiani.

Umeuliza kama vinasaidia kweli. Vinasaidia. Cochrane walikusanya majaribio zaidi ya 100 yenye watu zaidi ya 60,000, wakaona tiba za nikotini huongeza uwezekano wa kuacha kwa asilimia 50 hadi 60 kuliko kutotumia kitu. Sitakudanganya lakini: hata hivyo walio wengi hawafaulu kwa jaribio moja. Wanaoacha moja kwa moja mara nyingi ni watu waliojaribu, wakaanguka, wakajaribu tena wakiwa wamejua kilichowaangusha. Ninyi sasa mnajua viwili vitatu vilivyomwangusha, na vyote vinarekebishika.

Nimebakiza lako wewe. Mwanangu, acha kuhesabu. Najua unahesabu kwa kuogopa kumpoteza, lakini yeye haoni hofu, anaona anakaguliwa. Mtu anayekaguliwa hujifunza kuficha, na akishaanza kuficha huwezi kujua tena kama ni ngozi inamwasha, kama ni ndoto, au kama alivuta moja akaona aibu. Wengi huacha kibandiko kimyakimya hivyohivyo, bila kumwambia mke, daktari wala mfamasia, na tatizo ambalo lingetatuliwa kwa maneno mawili dukani linamrudisha kwenye pakiti. Badala ya "Umevaa?", muulize, "Leo saa ngapi ilikuwa ngumu?" Akikwambia saa kumi, baada ya kugombana na bosi, hapo mna kitu cha kufanyia kazi: saa kumi kasoro awe na chingamu mfukoni. Akikwambia amevuta, mshukuru kwa kusema, halafu muulize kama kibandiko bado kipo. Ule ukali kwa watoto mwambie wazi kwamba unaujua ni arosto, unapita, kwa kawaida ndani ya wiki mbili hadi nne, ila watoto hawajui hilo. Uchu wenyewe ukimkaba huwa ni dakika chache tu. Atoke nje, atembee, ajimwagie maji, arudi.

Na kununua, endelea, ila usinunue tena peke yako. Nendeni wawili. Yeye mwenyewe amweleze mfamasia au daktari kwamba anavuta pakiti, kwamba huwasha kabla ya kunawa, kwamba mkono uliwasha na usiku aliota. Vile vya 7 ulivyonavyo usivitupe kama muda wake haujapita, vitawafaa wiki za mwisho. Achague siku ya kuanza upya, na asiogope kubandika hata kabla ya siku hiyo, daktari akiridhia. Akimaliza wiki zote kwa kiwango sahihi na bado sigara ikamshinda, arudi hospitali: zipo dawa za vidonge zisizo na nikotini, kama varenikilini na bupropioni, ambazo Shirika la Afya Duniani linazipendekeza kwenye mwongozo wake wa 2024. Zinahitaji cheti cha daktari, na daktari huyo tayari anayajua mapafu yake.